Barua iliyobeba jina langu

Wale mlionisikiliza redioni Jumapili usiku mtaniwia radhi kwa kuyarudia hapa niliyokwisha kuyasema. Tangu kipindi kile kirushwe hewani nimepigiwa simu kutoka Mang'ula, Mngeta, Mlimba na hata ng'ambo ya mto huko Lupiro, kila mmoja akiomba nieleze tena, safari hii polepole. Wana haki. Mambo ya mitambo yakisemwa haraka hupita sikioni kama treni isiyosimama kituoni, ilhali gazetini mtu anaweza kurudi nyuma akasoma upya.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Asubuhi moja, kiasi cha saa tatu, aliingia ofisini kwetu hapa Ifakara mama mmoja mwenye mashine ya kukobolea mpunga. Ni mteja wetu wa siku nyingi. Kila msimu wa mavuno tangazo la mashine yake husomwa asubuhi, mara tu baada ya taarifa ya habari. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani mbele yangu.

"Mwanangu," alisema, "mliniandikia kwamba mmebadilisha namba ya kulipia. Nimelipa tangu wiki iliyopita. Mbona tangazo langu silisikii?"

Karatasi ile ilikuwa barua pepe ambayo kijana wake aliichapisha kwenye duka la steshenari. Juu yake palikuwa na jina langu kamili, na mbele ya jina anwani yangu ya ofisi, herufi kwa herufi, bila kosa hata la nukta. Barua ilieleza kwa Kiswahili safi kwamba hesabu za kituo ziko kwenye ukaguzi, hivyo wateja wote wa matangazo wanaombwa kulipia kwa muda kupitia namba ya simu iliyotajwa, na atakayechelewa tangazo lake litaondolewa kwenye ratiba. Mama yule alituma shilingi 350,000.

Sikuiandika barua ile. Nilimwambia hivyo, nikamwona ananitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mtu ninayemwita mama. Alikuwa na sababu. Kabla ya kutuma fedha alikuwa ameshtuka, maana jina lililotokea kwenye simu alipoingiza namba halikuwa langu wala la mtu yeyote anayemjua pale ofisini. Kijana wake akaijibu ile barua kuuliza. Majibu yalirudi upesi, tena kwa jina langu: usiwe na wasiwasi mama, hilo ni jina la mhasibu wetu mpya. Sasa angefanya nini zaidi? Aliuliza, akajibiwa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa kuwa bonde letu tayari lina jina baya katika mambo haya. Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajapata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, za mwaka 2024 ziliitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya ulaghai kwa njia ya simu, na mtu akisema Morogoro katika habari hizo, kidole huelekezwa huku kwetu. Nimewahi kujitambulisha ndani ya basi kwamba natoka Ifakara, jirani yangu akacheka huku anasogeza pochi yake upande wa pili. Wakulima wa mpunga, wavuvi wa mto Kilombero, manesi, walimu, wote tunavishwa kofia ya vijana wachache. Kwa hiyo mama yule aliponitazama vile, niliona bonde zima limetazamwa.

Hata hivyo, utapeli wa barua pepe una hila yake tofauti na ule wa simu. Anayekutumia ujumbe wa simu, namba yake unaiona, na tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza nchi nzima mwaka 2019, namba ina jina nyuma yake, hata kama jina lenyewe pengine ni la bibi kizee aliyesajiliwa laini tatu bila habari. Kwenye barua pepe mtumaji hujiandikia mwenyewe jina na anwani ya kutokea. Jambo hili mimi, mwenye diploma ya uandishi wa habari na miaka zaidi ya ishirini kazini, sikulijua mpaka kijana wetu wa mitambo aliponikalisha chini. Nilikuwa nimemwamuru abadilishe neno langu la siri mara moja, maana nilidhani tumevunjiwa mlango.

"Kaka," aliniambia, "hakuna aliyeingia kwenye barua zako. Hakuwa na haja ya kuingia."

Barua pepe, kama barua ya posta, ina bahasha na ina karatasi ya ndani. Seva inayotuma inapoikuta seva inayopokea, huzungumza kwanza kwa maneno machache: naleta mzigo kutoka kwa fulani, unakwenda kwa fulani. Hiyo ndiyo bahasha. Kisha hukabidhi karatasi ya ndani, ambayo juu yake pameandikwa tena "kutoka kwa" fulani. Wewe unayefungua barua kwenye simu yako unaona karatasi ya ndani tu. Bahasha imekwisha kuchanwa njiani. Na katika utaratibu wa asili hakuna kilicholazimisha jina la kwenye bahasha na jina la kwenye karatasi yawe mamoja, wala kwamba lolote kati yake liwe la kweli. Karatasi inaweza hata kuwa na mstari mwingine unaoelekeza majibu yaende kwenye anwani tofauti kabisa. Ndivyo alivyonaswa kijana wa mama yule. Alidhani jibu lake linakuja kwangu, kumbe mstari ule ulilipeleka moja kwa moja kwa tapeli.

Utauliza ni nani aliyetunga utaratibu wa ajabu namna hiyo. Kanuni zilizoenea duniani zilichapishwa Agosti 1982 na Mmarekani Jon Postel, katika waraka wenye namba 821. Tusimlaumu. Mtandao wa siku zile ulikuwa wa vyuo vikuu, maabara na idara za jeshi la Marekani, na watu wake wengi walijuana. Kilikuwa kijiji ambacho milango ya nyumba zake hutengenezwa kuzuia mbuzi, si wezi. Kijiji kile sasa kimekuwa jiji la dunia nzima, na milango ya mbuzi bado ipo pale pale.

Wala walioumia si wenye mashine za mpunga peke yao. Kati ya mwaka 2013 na 2015 raia mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alisajili nchini Latvia kampuni yenye jina sawa na la kampuni ya Quanta ya Taiwan, inayotengeneza vifaa vya kompyuta. Kisha zikatumwa barua pepe za kughushi na ankara za uongo kwa Google na Facebook, ambazo kweli zilikuwa zikifanya biashara na Quanta halisi. Makampuni hayo mawili yalilipa zaidi ya dola milioni 120. Mwaka 2019 mahakama ya New York ilimfunga miaka 5. Mwaka 2023 pekee, hasara iliyoripotiwa kwa FBI kutokana na barua pepe za namna hii katika biashara ilifikia dola bilioni 2.9. Ikiwa Google yenyewe iliwahi kulipa ankara ya hewa, mama wa Ifakara hana cha kuonea aibu.

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya Dar es Salaam na Ulaya. Si kweli. Mji wetu huu una mawasiliano na dunia kuliko wapita njia wanavyodhani. Tangu mwaka 1956, Waswisi kutoka Basel walipoanzisha maabara iliyokuja kuwa taasisi yetu ya utafiti wa afya, Ifakara imekuwa ikiandikiana na nje. Ongeza hospitali, mashamba ya misaji, sukari ya Kidatu, na wanunuzi wa mpunga wanaoagiza vipuri vya mashine kutoka China kwa barua pepe na kulipa nusu kabla ya mzigo kuondoka. Kila mmoja wao siku moja hupokea barua inayosema akaunti imebadilika.

Sasa tuje kwenye dawa. Dawa zipo tatu, na zote zimeandikwa mahali pamoja, kwa hiyo nianze na mahali penyewe.

Lile jina linalofuata alama ya @ katika anwani huitwa kikoa. Kila kikoa kina daftari lake la wazi kwenye intaneti, ambalo mtambo wowote duniani unaweza kulisoma bila kuomba ruhusa. Ndani ya daftari hilo ndimo inamoandikwa, kwa mfano, ni seva gani inayopokea barua za kikoa hicho. Linafanana na kile kitabu cha simu cha zamani, isipokuwa hapa kila mwenye jina hujiandikia ukurasa wake mwenyewe. Jambo la kushika ni hili: mtu yeyote anaweza kuandika jina lako juu ya barua, lakini hawezi kuandika katika daftari lako. Njia zote tatu za kuthibitisha barua pepe zimejengwa juu ya tofauti hiyo.

Ya kwanza inaitwa SPF. Nitaieleza kwa lugha ya kazi yangu. Mtu yeyote mwenye kipaji anaweza kuigiza sauti yangu, na wapo vijana vijiweni wanaonishinda mimi mwenyewe. Lakini hawezi kuisikilizisha sauti hiyo kwenye masafa ya kituo chetu, kwa sababu masafa yamesajiliwa na mtambo wetu unajulikana uliposimama. SPF ni orodha, ndani ya daftari la kikoa, ya mitambo iliyoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa hicho. Barua inapofika, seva inayopokea hutazama namba ya mtambo ulioileta, hufungua daftari, na kuuliza kama namba hiyo imo. Mwisho wa orodha mwenye kikoa huandika la kufanya kwa asiyekuwemo. Anaweza kusema kwa ukali, asiyekuwemo si wetu, au kwa ulegevu, asiyekuwemo mtilieni shaka. Wengi huandika kwa ulegevu, wakiogopa kujifungia wenyewe nje. Njia hii ilichapishwa kwa majaribio mwaka 2006 na kuwekwa rasmi mwaka 2014.

Ina kasoro mbili. Kwanza, barua ikipitia kwa mtu wa kati anayeiendeleza mbele, mtambo unaoifikisha siyo tena ule ulioandikwa, na barua ya halali inaonekana ya wizi. Ya pili ndiyo kubwa: SPF hukagua bahasha, haikagui karatasi ya ndani. Tapeli anaweza kuandika kwenye bahasha jina la kikoa chake mwenyewe, ambacho kina orodha safi kabisa, na ndani akaandika jina langu. Mkaguzi anaitazama bahasha, anaridhika, anapitisha.

Njia ya pili ni DKIM, nayo haijali mzigo umeletwa na nani, inaangalia lakiri. Wafanyabiashara wanaifahamu lakiri inayofungwa kwenye mlango wa kontena: ukiikuta imekatika, mzigo umeguswa. Seva ya ofisi inapotuma barua huchukua maneno ya ndani pamoja na mistari ya juu iliyochaguliwa, ukiwamo ule wa "kutoka kwa", inayapigia hesabu mpaka yanakuwa alama fupi, kisha inaifunga alama hiyo kwa ufunguo wa siri usiotoka nje ya ofisi. Ufunguo wa pili, ambao ni pacha wake, umewekwa wazi kwenye daftari. Ufunguo wa wazi hauwezi kufunga. Unaweza tu kuhakiki kwamba kilichofungwa kilifungwa na pacha wake. Tarakimu moja ikibadilishwa njiani, 3 ikawa 8 kwenye namba ya akaunti, hesabu inakataa.

Wazo hili lilitoka kwa makampuni mawili ya Marekani, Yahoo na Cisco, kila moja likiwa na lake, kisha yakaunganishwa na kuchapishwa mwaka 2007. Faida yake ni kwamba lakiri husafiri na barua hata ikipitia mikono mingine, mradi haikuguswa. Lakini nayo ina mwanya. Lakiri inasema "nimefungwa na kikoa fulani", na kikoa hicho si lazima kiwe kile unachokisoma juu ya barua. Tena barua isiyo na lakiri kabisa haisemi lolote. Mpokeaji atajuaje kwamba mimi hufunga barua zangu zote, na kwamba isiyofungwa aitupe?

Hapo ndipo ilipoingia njia ya tatu, DMARC, iliyotangazwa Januari 2012 na kundi la makampuni yakiwamo PayPal, Google, Microsoft na Yahoo, na kuchapishwa kama waraka rasmi mwaka 2015. Kusema kweli hii ndiyo iliyozipa zile mbili meno. Kwanza inalazimisha majina yalingane: kikoa kilichothibitishwa, iwe kwa orodha au kwa lakiri, lazima kiwe kile kile ambacho msomaji anakiona kwa macho yake kwenye mstari wa "kutoka kwa". Njia moja kati ya mbili ikifaulu na jina likalingana, inatosha. Yule tapeli wa bahasha safi na karatasi chafu anakamatwa hapa hapa.

Pili, DMARC ni maagizo ya mwenye nyumba kwa mlinzi wa geti la jirani. Katika daftari lako unaandika: ikija barua kwa jina langu na ikashindwa majaribio, fanya hivi. Maagizo yako ya daraja tatu. La kwanza, ambalo kwenye daftari huandikwa none, maana yake usifanye kitu, ipitishe, ila niarifu. La pili linasema itenge, uiweke kwenye sanduku la barua taka. La tatu linasema ikatae, isiingie hata ndani.

Tatu, na hili ndilo lililonivutia mimi mwandishi wa habari, ni ripoti. Makampuni makubwa yanayopokea barua hukutumia, mara nyingi kila siku, muhtasari wa mitambo yote iliyotuma barua kwa jina la kikoa chako, ngapi zimefaulu na ngapi zimeshindwa. Hawakuonyeshi yaliyoandikwa ndani, ni hesabu tu. Lakini fikiria: kwa mara ya kwanza mtu anaweza kujua ni nani duniani anayetembea na jina lake.

Kijana wetu alipofungua daftari la kituo, mbele ya macho yangu, tulikuta mstari mmoja tu wa SPF, wa ulegevu, ulioandikwa na waliotuuzia kikoa miaka mingi iliyopita. Lakiri hakuna. Maagizo hakuna. Seva iliyompokelea mama yule barua iliuliza daftari letu, nalo likajibu kwa kunong'ona. Ndiyo, aliyemwibia ni tapeli, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu. Lakini geti lililokuwa wazi lilikuwa letu, na hilo nililisema hewani ingawa wakubwa zangu hawakufurahi.

Tukaanza kazi. Ufunguo wa lakiri ulitengenezwa siku hiyo hiyo. Maagizo tuliyaandika kwa daraja la kwanza, none, tukasubiri ripoti. Hapa nawaomba wenye ofisi msiwe na pupa. Ripoti zilipoanza kuja tuligundua kwamba programu ya uhasibu, inayotuma ankara kwa wateja, hupitia kwa kampuni ya nje ambayo haikuwemo kwenye orodha yetu. Kadhalika fomu ya maombi ya salamu kwenye tovuti. Kama tungeanza na "ikatae", ankara zetu wenyewe zingerudishwa na salamu za wasikilizaji zingepotea. Tukawaandikisha hao wa halali. Halafu pakabaki mtambo mmoja, wa nchi ambayo hatuna mteja wala ndugu, uliokuwa umetuma makumi ya barua kwa jina letu. Kumbe mama wa mashine hakuwa peke yake. Tuliwapigia simu watangazaji wetu mmoja baada ya mwingine, siku mbili nzima, na wawili wakasema wameipata barua ile ila hawajalipa kwa sababu hawana fedha. Safari hii ukata uliwafaa.

Baada ya wiki tatu tulipanda daraja la pili, na baada ya siku kumi nyingine la tatu. Gharama yake ilikuwa muda wa kijana yule na soda zake. Hakuna kifaa kilichonunuliwa.

Nina la kusema hapa kuhusu taasisi zetu. Februari 2024 Google na Yahoo walianza kudai kwamba wanaotuma barua kwa wingi wawe na njia zote tatu. Kwa Google wingi huo ni barua 5,000 kwa siku kwa watumiaji wa Gmail. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini sharti lile liliridhika na daraja la kwanza la maagizo, lile la none, na daraja hilo ni sawa na mlinzi aliyeajiriwa kuandika namba za magari ya wezi wanapotoka na mali. Ni mahali pa kuanzia, si pa kulala. Ukisikia ofisi inajigamba kwamba "tuna DMARC", waulize wapo daraja gani. Kama ni benki, chuo au ofisi inayokusanya fedha za watu, swali hilo ni haki ya mteja, kama ilivyo haki kuuliza kama mizani imepigwa muhuri na Wakala wa Vipimo.

Sasa tahadhari, nisije nikawa nimeuza dawa ya mganga. Njia hizi tatu zinathibitisha nyumba, hazithibitishi moyo wa aliyemo. Tapeli anaweza kusajili kikoa chake kinachofanana na chetu, akaweka tarakimu 1 palipo na herufi l, au r na n zilizobanana zionekane kama m, kisha akakiwekea orodha, lakiri na maagizo ya daraja la tatu. Barua yake itafaulu kila jaribio, kwa sababu kweli imetoka kwenye kikoa chake. Anaweza kufungua anwani ya bure ya Gmail na kujipa jina langu. Simu nyingi huonyesha jina tu, anwani yenyewe imefichwa mpaka uiguse. Na akikuibia neno la siri akaingia kwenye barua zako, ataandika kwa mkono wako, seva yako itamfungia lakiri kwa heshima zote. Kwa hiyo jina kwenye skrini liguse uone anwani kamili, uisome herufi kwa herufi.

Mwenye kutumia Gmail kwenye kompyuta anaweza kwenda mbali zaidi. Fungua barua unayoishuku, bonyeza vile vidoti vitatu pembeni, chagua sehemu ya kuonyesha barua ilivyo katika asili yake. Juu utaona majina haya haya matatu, SPF, DKIM na DMARC, na mbele ya kila moja matokeo. Neno PASS maana yake imefaulu, FAIL imeshindwa. Barua inayodai imetoka benki na ikashindwa mstari wa DMARC, usiibishie, iache. Barua ya mama yule tuliifungua kwa njia hiyo. SPF ilikuwa imefaulu, kwa kikoa ambacho sijawahi kukisikia. DKIM haikuwepo. Na pale penye DMARC hapakuwa na kitu, kwa kuwa sisi hatukuwa tumeandika kitu.

Kuhusu fedha, barua ya aina yoyote inayosema namba au akaunti imebadilika, ifaulu isifaulu, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Si namba iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Kijana wa mama aliuliza, lakini aliuliza kwa mlango ule ule aliouingia mwizi. Na namba ya simu iliyotumika kwa utapeli itumie TCRA kupitia 15040, kisha nenda polisi ukiwa na barua yenyewe kwenye simu au kompyuta, usiifute, kwa sababu karatasi iliyochapishwa haionyeshi bahasha.

Mama tulikwenda naye polisi. Namba ile imezimwa; fedha zilikuwa zimetolewa kwa wakala siku ile ile alipotuma, na hadi naandika haya hazijapatikana. Ofisi, baada ya vikao viwili, imekubali kuhesabu kwamba amelipa nusu. Tangazo lake limerudi, utalisikia kila asubuhi baada ya taarifa ya habari ya saa moja. Nusu nyingine aliileta mwenyewe, noti mkononi, akasubiri risiti iandikwe, akaisoma yote, akaniuliza kama saini ile ni yangu kweli.